Kivuli cha Adelfo Pale Mtoni

Mpwa wangu Filogonia aliingia kwenye siasa kwa sababu ya daraja, na atakayekwambia vingine ni mwongo. Mto wetu hauna daraja. Una kivuko tu, pale Las Garzas, ambapo maji yanafika magotini wakati wa kiangazi na kumeza farasi mzima wakati wa mvua. Daraja hilo limeshazinduliwa mara tatu kwenye karatasi za serikali. Mara zote tatu mkandarasi alikuwa mtu wa ukoo wa Larrea, wenye ng'ombe, wenye kinu cha kukamua ufuta, wenye kiti cha wilaya yetu kwenye bunge la jimbo tangu mimi sijaota ndevu. Mwaka ule mto ulimchukua mwalimu wa watoto wadogo, binti wa watu, pamoja na punda wake. Filogonia akasema basi, mwaka huu nagombea mimi.

Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mtengeneza jibini, mumewe alivuka mpaka kwenda kaskazini akaoa huko huko, na yeye hajawahi kusimama mbele ya watu hata kusoma risala ya harusi. Alikuwa anaamka alfajiri kukamua, halafu anapita kijiji kwa kijiji na beseni kichwani, anajua nani ana mgonjwa na nani kapigwa na mumewe. Nikamwambia, mwanangu, akina Larrea wanakula watu, wewe unauza jibini, utawaweza wapi? Akaniambia nisogeze kiti, anataka kufagia. Ndivyo alivyo. Ukimtisha anakufagilia miguu.

Sasa niseme jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kitu. Ukoo wetu na ukoo wa Larrea tumezikana. Zamani, kwa ajili ya kiti cha umeya, tuliuana miaka minne mfululizo. Kwetu walikufa sita, kwao watano. Baba yake Filogonia alikuwa mmoja wa wale sita. Picha zao ziko juu ya meza ya watakatifu nyumbani kwake, zimepauka, naye amekua akizifuta vumbi. Siku aliyotoka kujiandikisha alisimama mbele ya meza hiyo, ndugu wote tumejaa sebuleni, tunangoja supu.

"Nitashinda bila damu au sitashinda," akasema. "Mtu yeyote akiuawa kwa jina langu, hata awe Larrea, kiti sikitaki."

Akanitazama mimi. Nikamuuliza mbona ananitazama mimi, wengine hawaoni?

"Nakujua, mjomba."

Alinijua kweli. Kati ya wanaume wa vita ile nimebaki mimi, Melesio Petatán, na sikubaki kwa sababu ya kusali.

Kampeni yenyewe ilikuwa pikapu moja yenye spika mbili juu. Dereva alikuwa mdogo wake, Adelfo, kijana wa miaka thelathini na tano, mdomo mrefu, mtani wa kila mtu. Adelfo ndiye aliyekuwa anapiga mayowe kwenye kipaza sauti, maana dada yake akikishika anaongea kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Kila akipita nyumba yenye msichana alitangaza kwamba mgombea ana mdogo wake wa kiume hajaoa, meno yote anayo. Watu walicheka, wakatoka nje, na wakishatoka nje Filogonia anashuka, anakaa kwenye kigoda, anawauliza mto umewachukulia nani. Hakuwa na hotuba. Alikuwa na daftari la shule anaandika majina ya waliozama. Alipofika kijiji cha tano daftari lilikuwa limejaa, na hapo ndipo akina Larrea walipoacha kucheka.

Wiki ya pili tuliamka tukakuta ndama wake wote sita wamechinjwa zizini na vichwa vimepangwa juu ya uzio, vinatazama nyumba. Ulimi wa kila mmoja umekatwa. Mimi nilienda moja kwa moja ndani nikachukua bunduki yangu. Filogonia alinipokonya mlangoni, kwa mikono ile ya kukamua, akaiweka juu ya kabati kama mtu anayeficha sukari. Kisha akaita majirani, wakachimba shimo, wakaichoma nyama yote chini ya ardhi kwa majani ya mparachichi, na jioni kijiji kizima kilikula mpaka mbwa wakashiba. Adelfo alitangaza kwenye spika kwamba chakula kimegharamiwa na mheshimiwa Rigoberto Larrea, mgombea, na asiyeshiba aende akamdai. Nilicheka na mimi, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Kijiji cha El Zapotal walituvamia kweupe. Wanaume kama kumi na watano wenye mapanga, wengine nawajua kwa majina, waliingia katikati ya mkutano wakaanza kwa kukata nyaya za spika. Mzee Nabor alikuwa ameshika bendera ya chama chetu, akakataa kuiachia. Wakamkata sikio. Si kwamba panga lilipotea njia, la. Mmoja alimshika kichwa, mwingine akakata taratibu, halafu wakalitupa kwa kuku. Wanawake walikuwa wanakimbia na watoto migongoni, mmoja akavunjika mguu kwenye mtaro. Filogonia alipigwa ubapa wa panga mgongoni mara tatu, akaanguka, akaamka, akavua kitambaa chake cha kichwa akamfunga nacho mzee.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimwambia mbele ya Adelfo kwamba dawa ya moto ni moto, na hawa watu hawajui lugha nyingine.

"Mjomba," akaniambia, "wewe umewahi kuona nyumba inazimwa kwa moto?"

Adelfo akasema tumwache mzee, damu yake bado ya ujana, labda tumtafutie mke. Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia kwa masikio yangu, na yalikuwa ya kunidhihaki mimi. Nashukuru yalikuwa ya kunidhihaki.

Siku iliyofuata, Alhamisi, saa nne asubuhi, Filogonia na Adelfo waliingia kivukoni na pikapu. Pale lazima upunguze mwendo, maji yakifika kwenye mlango gari linatambaa. Matete ya ng'ambo yakaanza kufyatua risasi. Bunduki za kivita, siyo hizi zetu za kuwindia kulungu. Filogonia alirushwa nje na mlango uliofunguka, akazama, akaibukia chini ya gari, akang'ang'ania mhimili wa magurudumu huku pua tu ikiwa juu ya maji. Alisikia risasi zikigonga bati juu yake. Kisha akasikia honi. Adelfo alikuwa ameanguka kifua juu ya usukani, na honi ikalia, ikalia, hawa watu wakapanda pikipiki zao wakaondoka na honi bado inalia. Sisi tuliisikia mpaka huku kijijini. Nilipofika maji ya kivukoni yalikuwa na rangi ya chai, na Filogonia alikuwa amekaa ndani ya gari, amemweka mdogo wake mapajani, anamwambia anyamaze, anyamaze, kwa sababu honi ilikuwa haijaacha.

Tulimzika Ijumaa. Lakini kwetu kuzika mwili ni nusu ya kazi. Aliyekufa kwa risasi, kivuli chake hubaki pale damu ilipomwagika. Kinasimama pale pale, hakijui kwamba mwenyewe ameshaondoka. Siku ya tisa, saa sita mchana, mtu wa damu yake huenda na jamvi, na chokaa, na maua, na ubani; anachora msalaba, anakifagia kivuli juu ya jamvi, analikunja, analibeba kifuani mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma hata akiitwa. Kisipoinuliwa, kinaita wengine. Kinaita hasa watoto. Siyo hadithi za kutishia watu, nimeyaona.

Siku ya tisa iliangukia Ijumaa iliyofuata. Wakubwa wa chama walikuja kutoka mji mkuu wa jimbo na gari la vioo vyeusi, hawakutaka hata kunywa kahawa yetu. Walimsihi Filogonia asiende, kila mtu anajua atakuwa wapi na saa ngapi, ni kujipeleka machinjioni. Kamanda wa wanajeshi akasema Ijumaa hana watu. Filogonia akawajibu kwamba mdogo wake hawezi kubaki amesimama kwenye maji. Walipoondoka akaanza kuchuma maua.

Na mimi ndipo nilipopiga hesabu yangu. Akina Larrea wamezaliwa hapa hapa, wamenyonya maziwa ya mama zetu, wanaijua siku ya tisa kama tunavyoijua sisi. Kwa hiyo waliomuua Adelfo watakuja. Kwa hiyo mimi najua watakuwa wapi na saa ngapi. Hesabu hiyo hata mjinga anaiweza. Niliwapata wanaume sita, majina yao sijawahi kuyataja na sitayataja. Wanaume wengine wote niliwaambia wakae nyumbani, waende wanawake tu, ili isionekane vita. Bunduki niliishusha juu ya kabati wakati Filogonia yuko kisimani.

Alhamisi alasiri alikuja kwangu. Alikaa karibu, akachukua mikono yangu miwili akaigeuza viganja juu, kama mama anayekagua mtoto kama amenawa.

"Mjomba, kesho utabeba nini?"

"Maua," nikasema.

"Maua tu?"

"Maua na ubani. Mtoto wa dada yangu amekufa, Filo, nibebe nini tena?"

Alinibusu viganja, akaenda zake. Nimesema uongo mwingi maishani, kwa wanawake, kwa mapadri, kwa polisi. Ule mmoja ndio unaonikereketa mpaka leo.

Tuliingia kabla hakujapambazuka, tukalala juu ya ukingo wa mto, kwenye mawe yanayotazama matete. Saa nne kasoro robo watu wa Larrea walikuja, wanne, kwa pikipiki mbili, wakazificha, wakaingia mateteni kimya kimya. Bunduki walikuwa nazo. Hilo nalisema mahakamani na nalisema hapa: bunduki walikuwa nazo. Jamaa zangu walitaka tuwamalize pale pale. Nikawazuia. Nilitaka Filogonia awepo. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba walikuja kumuua, ili siku nyingine asinifiche bunduki. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na ni chafu, lakini ni yangu.

Saa sita wanawake wakafika, kama thelathini, wanaimba. Filogonia aliingia majini peke yake mpaka pale gari liliposimama. Jua lilikuwa utosini. Alipiga magoti, maji yakamfika kifuani, akaanza kumwita mdogo wake kwa jina, Adelfo, twende nyumbani, Adelfo, mama anakungoja. Aliita kwa muda mrefu. Kutoka mateteni mpaka alipokuwa yeye haikufika hatua thelathini, hata kipofu angempiga. Hawakupiga. Mimi nilikuwa nimemlenga mmoja wao kichwani, na nikamwona anaweka bunduki chini, juu ya matope, anavua kofia. Nikajiambia anatoa kofia isimzibe macho, anataka kulenga vizuri. Nikafyatua.

Wenzangu wakafyatua. Haikuchukua hata muda wa kusali Baba Yetu mbili. Wawili walikufa walipolala. Wa tatu aliinuka akakimbilia majini, akapigwa mgongoni, akaanguka kifudifudi na mto ukaanza kumburuta taratibu. Wa nne alitambaa. Matete yalikuwa yanatikisika anapopita, na sisi tunapiga penye kutikisika, mpaka yakatulia. Wanawake walilala chini wanapiga kelele, wengine wamelalia watoto wao. Filogonia alikuwa ameshakunja jamvi. Alisimama, akalikumbatia kifuani, akatoka majini akapanda njia ya nyumbani. Hakugeuka. Risasi zilikuwa zinalia nyuma yake na yeye hakugeuka hata mara moja, maana alikuwa na mdogo wake mikononi.

Alikipeleka kivuli nyumbani, akakiweka mezani kwa watakatifu, akawasha mshumaa. Kisha akarudi. Sisi tulikuwa bado kivukoni, tunashangilia. Mtu mmoja alikuwa ameleta mezkali, pombe yetu kali. Filogonia alipita katikati yetu bila neno akaenda kumtoa yule wa majini, akamgeuza, akamfuta matope usoni kwa upindo wa sketi. Akafanya hivyo kwa wote. Yule wa nne, aliyetambaa, alikuwa bado anapumua. Lucino, mtoto wa Mama Hilaria muuza tortila, mikate ile ya mahindi, miaka kumi na tisa. Filogonia alikuwa akimpa maji ya jibini bure alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa dhaifu wa mifupa. Sasa taya hana, risasi imeiondoa. Alikufa akiwa amemshika Filogonia kidole gumba.

Ndipo akainua macho akaniona na bunduki.

"Wangapi?"

"Wanne," nikasema. Nilisema kwa majivuno, nisijidanganye.

"Kwa jina la nani?"

Jamaa wenye mezkali wakaificha chupa.

Hakusema nami tena mpaka siku ya uchaguzi. Kampeni aliiacha, spika zikabaki kimya, lakini jina lake lilikuwa limeshachapishwa kwenye karatasi za kura na huwezi kulifuta kwa kidole. Mimi sikujali. Mimi nilikuwa simba. Nikipita barabarani wazee wananivulia kofia, mwenye bucha ananifungia nyama hataki nilipe, na watu wa El Zapotal, wale wale wa mapanga, walileta mbuzi kwa mzee Nabor kuomba radhi. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka kwamba mnaona sasa.

Siku ya tisa ya wale wanne ilikuwa Jumamosi, kesho yake uchaguzi. Mama zao walikuja kivukoni na majamvi manne. Filogonia alikwenda, akasimama mbali, kichwa wazi. Mimi nilimfuata nyuma nyuma kumlinda, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilitegemea wamtemee mate. Mama Hilaria alipomaliza kukunja jamvi lake, alipaswa aondoke bila kugeuka, na njia ilimpitisha mbele ya Filogonia. Akasimama.

"Mwanangu alikuwa halali," akamwambia. "Tangu siku ile ya gari alikuwa anasikia honi. Asubuhi aliyokuja hapa aliniomba mshumaa. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono huu."

Akaendelea na njia yake.

Wewe msomaji wa mjini huenda hujaelewa, lakini Filogonia alielewa, na mimi nilielewa. Ni desturi ya zamani, watu hawaitangazi. Aliyeua akitaka kivuli kimwache, huja siku ya tisa na mshumaa mfukoni, anajificha mbali, anaweka silaha chini, anavua kofia, na jamvi linapokunjwa anaomba msamaha kimoyomoyo. Bunduki anakuja nayo, ndiyo, maana anaogopa. Usiniulize nilijuaje. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, aliyekufa alikuwa kaka mkubwa wa Don Abundio Larrea, baba yake huyu Rigoberto, na mimi nililala kwenye matete yale yale nikavua kofia. Don Abundio aliniona. Tulitazamana uso kwa uso. Aliwaacha ndugu zake wamalize kuinua kivuli, na hakuna aliyenipiga risasi.

Labda watatu wengine walikuja kuua na mmoja tu alikuja kuomba. Labda wote wanne waliomba. Sijui, na hakuna wa kumuuliza, nilihakikisha hilo.

Jumapili Filogonia alishinda. Alishinda kila kituo, hata kile cha uwanja wa nyumba ya Larrea, hata El Zapotal. Msimamizi alipobandika matokeo ukutani watu walipiga makofi huku wananitazama mimi, siyo yeye. Nilimsogelea kumpa mkono.

"Hawakunipigia mimi, mjomba," akasema. "Wamekupigia wewe."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa uani kwangu, miguu wazi, nakunywa kahawa. Filogonia alikuja na wanaume wawili wa mwendesha mashtaka, na gari limesimama nje. Hakulia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyelia usiku akamaliza. Alisema ameshawapa jina langu, majina yangu mawili ya ukoo, la baba na la mama, na alichokiona kivukoni, na kwamba barua ya kukataa kiti ameiandika kwa mkono wake. Nilimuuliza na daraja je? Alitazama miguu yangu.

"Vaa viatu, mjomba," akasema.

Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumwambia nilimbeba yeye na Adelfo mabegani siku tuliyomzika baba yao. Badala yake nikaviburuta viatu kutoka chini ya kiti nikaingiza miguu. Mgongo wangu haupindi siku hizi, kamba siwezi kuzifikia, na wale wanaume wawili walisimama tu wananitazama. Filogonia akapiga magoti kwenye vumbi akanifunga, kimoja, kisha cha pili, mafundo mawili mawili, kisha akanishika mkono nikasimama.